Kitenzi cha kingereza "get": namna ya kukielewa na kukitumia bila kung'ang'ania "kupata"

Kama ulifundishwa kwamba "get" ni kupata hujadanganywa, ila umepewa kipande kimoja tu, na hicho kipande ndo kinawafanya watu wengi wakwame wakianza kuongea na wageni. Kaa hapa Mwanza pale stendi ya Nyegezi au kwenye gati la kivuko la Kamanga usikilize mgeni mwenye begi mgongoni akiongea na mwenzake, utasikia "I'm getting tired", utasikia "we got off too early", utasikia "let's get someone to help us", mara "oh, got it", zote zina get ndani yake na nyingi ukijaribu kuweka kupata haikai, na wakati wewe bado unahangaika nayo kichwani wenzako wameshahamia kwenye habari nyingine.

Mimi nafundisha kingereza jioni huku Buzuruga, wanafunzi wangu ni madereva wa bajaji, wadada wa mapokezi hotelini, vijana wanaotaka kutembeza watalii kisiwa cha Saanane na Serengeti, na wafanyabiashara wa samaki ambao wana wateja nje ya nchi. Hiki kitenzi ndo naulizwa kuliko vyote kwa hiyo nakiandika hapa taratibu, soma hata kwa siku mbili tatu, usikimbie.

Shika hili moja kwanza maana mengine yote yanatoka hapo. Get inasema kuna badiliko limetokea. Nilikuwa sina sasa ninacho, nilikuwa sijachoka sasa nimechoka, nilikuwa Magu sasa niko Mwanza mjini. Basi. Ukitaka kuona vizuri ipange karibu na have na be: "I have a ticket" ni nina tiketi, "I got a ticket" ni nilipata tiketi, yaani ule wakati wa kutoka kutokuwa nayo kwenda kuwa nayo. "I am tired" nimechoka, "I'm getting tired" naanza kuchoka, uchovu unaingia. "I am at home" niko nyumbani, "I got home" nilifika nyumbani. Have na be zinaelezea hali ilivyo, get inaelezea kuingia kwenye hiyo hali. Kwa hiyo ukikutana na get usijiulize kupata iko wapi, jiulize nini kimebadilika, halafu angalia neno linalofuata, maana hilo neno la mbele ndo linakwambia badiliko ni la aina gani.

Tuanze na pale ambapo mbele kuna kitu, yaani nomino. Hapa ndo kupata inafanya kazi: "I got a job", nimepata kazi, "she got a B in Geography", "I got your message", "he got malaria", zote sawa kabisa. Pia inaweza kuwa kununua, "where did you get those shoes?" anaulizia ulinunua wapi, sio ulizipataje kana kwamba zilidondoka. Na ukiweka mtu katikati inageuka kuwa kuletea au kutafutia, "can you get me some water?" ni niletee maji tafadhali, "I'll get you a bajaji" nitakutafutia bajaji. Dada wa mapokezi akisema "one moment, I'll get the manager" anaenda kumwita meneja. Simu ikiita mtu akakwambia "can you get that?" anataka upokee simu. Hiyo ya mwisho ijue hivyo hivyo, ukianza kuichambua utachoka bure.

Sasa tatizo kubwa la sisi wenye kiswahili haliko kwenye get, liko kwenye pata yetu. Pata yetu ni pana sana, tunapata chai, tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata hasara, na ukichukua zote hizo ukazibandika get unatoa kingereza ambacho wenzako wa hapa watakuelewa ila mgeni atakunja uso. Nilipata ajali sema "I had an accident", sio "I got an accident". Amepata mtoto sema "she had a baby", ukisema "she got a baby" inasikika kama kuna mahali alienda akamchukua huyo mtoto. Umeshapata chai? "Have you had tea?" Kupata faida ni "make a profit" na hasara ni "make a loss", hii mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni iandike kabisa, mvua zikinyesha siku tatu mfululizo dagaa hazijakauka unamwambia mteja "we made a loss", hakuna get hapo. Nimepata shida kulala, "I had trouble sleeping". Nimewahi kupata kusikia hiyo habari, "I've heard about it". Ukiangalia utaona nyingi zinaenda kwenye have au make, kwa hiyo ukiwa na mashaka na kitu ambacho sio cha kushika mkononi au kupewa, jaribu have kwanza.

Ila kuna moja ambayo kiswahili na kingereza vimekutana na inanifurahisha kila mara nikiifundisha. Mtu akishakuelekeza kitu kwenye simu akauliza umenipata? unajibu nimekupata, maana yake nimeelewa. Kingereza ni hivyo hivyo, "got it" au "I get it", na kama hujaelewa "I don't get it". Iseme bila woga, inaonekana wewe ni mzoefu, na ni bora mara mia kuliko kutikisa kichwa wakati hujaelewa.

Aina ya pili ni pale mbele kuna sifa, yaani kivumishi. Get wet, get old, get fat, get angry, get sick. Hapa watu wanateseka kwa sababu wanatafuta maneno mawili ya kiswahili ya kuweka, wakati kiswahili badiliko linakaa ndani ya kitenzi chenyewe. Get wet ni kulowa. Get old ni kuzeeka, get fat kunenepa, get thin kukonda, get drunk kulewa, get angry kukasirika, get lost kupotea, get stuck kunasa au kukwama. Unaona? Sisi tuna neno moja lililoshiba, wao wana get halafu wanabandika sifa. Kwa hiyo zoezi lako ni la kurudi nyuma: ukiwa na kitenzi chetu kinachoeleza mtu au kitu kubadilika hali, tafuta sifa yake kwa kingereza halafu weka get mbele. Kuchoka, sifa ni tired, tayari una get tired. Kuchanganyikiwa, sifa ni confused, get confused. Kuzoea, get used to. Kupona au kupata nafuu, get better, na mgonjwa akiwa pale hospitali ya Bugando unamtumia ujumbe "get well soon".

Ukiweka -ing inakuwa badiliko linaloendelea taratibu, hii itumie sana maana ni tamu na inakupa mazungumzo na mtu yeyote. "It's getting dark", giza linaingia. "It's getting late", muda umeenda jamani. "It's getting hot", jua linaanza kuwaka. "Your English is getting better and better", kingereza chako kinazidi kuwa kizuri. Na ziwa likianza kuchafuka, mawimbi yanapanda, unamwambia mgeni "the lake is getting rough, let's go back". Usiseme "the lake is getting dirty" kwa sababu tu kiswahili tumesema limechafuka, yeye ataanza kutafuta takataka kwenye maji wakati unamwonya kuhusu mawimbi, na hilo ni suala la usalama sio la sarufi.

Kuna mahali get inakataa lakini. Chakula kikiharibika wanatumia go, "the fish went bad", samaki wameoza, sio "the fish got bad". Vivyo hivyo go blind kupofuka, go bald kuota kipara, go crazy kuwa chizi. Ni mabadiliko ya kuharibikia, mengi yake hayarudi nyuma, na yanapenda go. Sio sheria ya chuma, maana get sick na get old zipo na ni mabadiliko yale yale ya kuumiza, kwa hiyo hizi chache za go zikariri tu.

Halafu hii nyingine ni hatari zaidi: get haiwezi kukupeleka kwenye kuwa mtu fulani. Kijana anataka kusema nataka kuwa daktari anasema "I want to get a doctor", aliyesikia anakimbia kutafuta daktari akidhani kuna mgonjwa! Ni "I want to become a doctor" au "I want to be a doctor". Kumbuka nilivyosema, mbele ya get ikikaa nomino inarudi kuwa kupata. Sifa ndo inageuka kuwa hali, nomino haigeuki.

Aina ya tatu ni mahali, na hii kwa dereva na mtembeza watalii ndo mkate wa kila siku. Swali la kwanza la mgeni yeyote ni "how do I get to...?" Nafikaje Capri Point, nafikaje airport, nafikaje Ukerewe. Sisi tunazoea kuuliza "how can I go to", sio kosa kubwa, ila go inaangalia kuondoka na safari, get inaangalia kufika. Tofauti inaonekana hapa: "I went home at seven", saa moja ndo niliondoka kwenda nyumbani, "I got home at seven", saa moja nilikuwa nimefika mlangoni. Mtu akikuuliza "what time do we get to Bukoba?" usimtajie muda wa meli kung'oa nanga, anataka muda wa kufika. Na ukimjibu muda kumbuka kubadilisha saa, saa moja yetu ni seven yao.

Kwenye mahali weka to, get to Sengerema, get to the market, get to work. Ila home, here na there hazitaki to kabisa, unasema get home, get here, get there. "How did you get here?" umefikaje hapa, unajibu "by ferry" au "by bus" au "I walked". Na njia zikiwa mbili unamweleza vizuri: "to get to Sengerema you can take the ferry at Kamanga, or you can go round by the Kigongo–Busisi bridge", na hilo daraja tangu lifunguliwe 2025 wageni wanaliulizia kweli, kwa hiyo iwe mdomoni tayari.

Kupanda na kushuka ndo watu wanachanganya mno. Sisi tuna panda na shuka, unapanda daladala, unapanda boda, unapanda meli, unapanda mtumbwi, yote panda. Wao wanagawanya. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake ni get on kupanda na get off kushuka: basi, daladala, treni, ndege, meli, kivuko. Hata konda akikwambia inama kwenye hiace bado ni get on. Chombo kidogo ambacho unaingia na kukaa tu ni get in na get out: gari dogo, teksi, bajaji, mtumbwi. Na kile unachokikalia juu, pikipiki, baiskeli, punda, kinarudi get on na get off. Kwa hiyo dereva wa bajaji mwambie mgeni "please get in", wa bodaboda mwambie "get on", na mukifika wa bajaji anasema "you can get out here" wa boda anasema "you can get off here". Weka na please au you can, maana "get out!" peke yake ukiikaza sauti ni kumfukuza mtu, toka hapa! Mteja atatoka kweli na harudi. Na "get in the boat slowly" unamwambia mgeni kwenye mtumbwi, neno slowly usiliache.

Nne, pale mbele kuna kitenzi cha hali ya kutendwa, zile paid, stolen, fired, married. Hapa get inafanya kazi ya kile ki-w- chetu, lipwa, ibiwa, fukuzwa. "We get paid on Friday", tunalipwa ijumaa. "He got fired", kafukuzwa kazi. "My brother got promoted." "Two boats got damaged", mitumbwi miwili imeharibiwa. Unaweza kuuliza kwani was haitoshi, "he was fired"? Inatosha, na kwenye maandishi rasmi was ni bora, ila get inaleta tukio lenyewe, kitu kimempata mtu, kizuri au kibaya, na ndo watu wanavyosema mdomoni. Mahali tofauti inaonekana wazi ni ndoa. "They were married" inaweza kuwa walikuwa wameoana, hali tu. "They got married in 2019" ni walifunga ndoa mwaka 2019, tukio. Na ni get married to mtu, sio with, hii ya with naisikia kila siku kwa sababu sisi tunasema kufunga ndoa na. Kingereza pia hakijali nani ameoa nani ameolewa, wote wanaget married.

Tahadhari kubwa hapa ni wizi. Nimeibiwa simu. Watu wanasema "I got stolen" au "I was stolen", maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ndo umebebwa na wezi. Kitu kinakuwa stolen, mtu anakuwa robbed. Sema "my phone got stolen" au "I got robbed". Ukiwa kituo cha polisi unatafsiriwa au unamtafsiria mgeni, hiyo tofauti ina uzito.

Sasa tano, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu karibu kila mtu anaikosea na ukiijua kingereza chako kinapanda daraja. Kiswahili tunasema nimenyoa, nimesuka, nimeng'oa jino, nimeshona gauni. Kila mtu anajua hujajinyoa mwenyewe, ulienda saluni, hujajing'oa jino, ulienda kwa daktari wa meno, gauni kashona fundi wa pale Makoroboi. Kiswahili hakihitaji kusema. Kingereza kinahitaji. Ukisema "I pulled out my tooth" mtu anakuona umekaa mbele ya kioo na koleo. Unatakiwa kusema "I got my tooth pulled out", yaani kazi imefanyika kwangu ila mkono ni wa mtu mwingine. Mpangilio ni huu: get, halafu kitu, halafu kitenzi hali ya kutendwa. "I got my hair cut." "I got my hair braided." "I got a dress made." "I need to get my phone fixed", nahitaji kupeleka simu kwa fundi. "Where can I get my shoes repaired?" hilo mgeni atakuuliza, anatafuta fundi viatu. "We got the engine serviced yesterday", mwenye boti anamhakikishia abiria. Kila mara kitu kinakaa katikati, usikipeleke mwisho, maana "I got cut my hair" haieleweki.

Kama unataka kumtaja aliyefanya inakuwa get, mtu, to, kitenzi. "I got the mechanic to check the brakes", nilimwambia fundi aangalie breki akaangalia. Hiyo to usiisahau. Na ndani yake kuna ladha ya kushawishi, kubembeleza, kuongea na mtu mpaka akubali, kwa hiyo sokoni inafaa kweli: "I got him to lower the price", nimembembeleza mpaka kapunguza. Ukitumia make, "I made him lower the price", hapo umemlazimisha, na make haitaki to. Mama anayejaribu kumlisha mtoto anasema "I can't get him to eat", nimembembeleza weee hataki. Ukilijua hili la get na make utaanza kusikia tofauti hata kwenye sinema.

Karibu na hapo kuna get to ya bahati, isichanganywe na get to ya kufika mahali. Ikifuatwa na kitenzi ni kupata nafasi ya kufanya jambo. "We got to see lions", tulibahatika kuona simba. "On Saanane you get to see impala very close", unapata nafasi ya kuwaona swala kwa karibu. Hii ni ile ile pata yetu ya zamani, nilipata kuona, kwa hiyo haitakusumbua.

Niongelee got maana hapo ndo muziki unapoharibika. Get, wakati uliopita ni got. Hali ya tatu, ile inayokaa na have, Uingereza ni got na Marekani ni gotten, "I've got" na "I've gotten". Gotten sio kosa wala sio lugha ya mtaani, ni umbo la zamani ambalo Wamarekani wamebaki nalo, na wote wawili bado wana forgotten kwenye forget. Sisi shule zetu zinafuata kingereza cha Uingereza kwa hiyo kwenye mtihani andika got. Ila sikiliza vizuri, Mmarekani anatenganisha: "I've got a ticket" ni nina tiketi, "I've gotten a ticket" ni nimepata tiketi. Ndo maana nasema have got ichukue kama neno moja lenye maana ya kuwa na, "I've got two children", nina watoto wawili, "have you got change?" una chenji? Kama una mashaka tumia have peke yake, "do you have change?", inakubalika kote. Kitu cha kuepuka ni "do you got", na wakati uliopita usiseme "I had got two children", sema "I had". Ile gotta unayoisikia kwenye nyimbo ni have got to, lazima, "I gotta go", inabidi niende. Ongea nayo na marafiki, usiiandike kwenye barua ya maombi ya kazi.

Historia kidogo kwa wanaopenda. Get haikuwa ya Waingereza toka mwanzo kwa umbo hili, ilitoka kwenye lugha ya wale Waskandinavia wa zamani, Vikings, waliohamia Uingereza, kwao ilikuwa "geta", ikaingia kwenye kingereza cha kila siku na ikabaki kuwa neno linalobeba kila kitu. Labda ndo sababu mpaka leo inasikika ya mdomoni zaidi kuliko ya kwenye karatasi.

Na hilo la karatasi lina maana kwako. Ukiandika barua rasmi, ripoti, insha ya mtihani, punguza get. Badala ya "I got your letter" andika "I received your letter". "Get a certificate" iwe "obtain a certificate". "Get worse" iwe "become worse", "get to the office" iwe "arrive at the office", "get help" iwe "seek help". Sio kwamba get ni tusi, ila msahihishaji au mwajiri akiiona mara kumi kwenye ukurasa mmoja anaona umeishiwa maneno. Mdomoni ni kinyume chake, ukisema "I obtained some bananas at the market" unaonekana unasoma hotuba.

Vile vya get na kineno kidogo mbele ni vingi sana na sitavimaliza, chukua hivi vya kuanzia. Get up kuamka na kunyanyuka kitandani. Get back kurudi, "when did you get back from Geita?" Get along with kuelewana na mtu. Get over kupona au kusahau machungu ya kitu. Get by kujikongoja kimaisha, hela inatosha tu kula. Get rid of kuachana na kitu au kukiondoa, "we can't get rid of the water hyacinth", yale magugu maji yametushinda. Get together kukutana kwa pamoja. Jifunze kimoja ukitumie wiki nzima halafu ndo uchukue kingine.

Matamshi usiyadharau. Neno linaishia kwenye t, hakuna i ya mwisho. Ukisema geti, hilo ni geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, na ukisema goti ni lile la mguuni. Funga ulimi nyuma ya meno ya juu halafu uache hapo hapo, usitoe vokali. Ikifuatwa na irabu t inalainika kwa Wamarekani inakuwa kama r yetu nyepesi, get up inasikika gerap, get it inasikika gerit, ndo maana kwenye sinema unasikia kama hawajasema get kabisa. Huna ulazima wa kutamka hivyo, ila sikio lako lizoee.

Sasa fanya hivi kwa wiki mbili. Kila siku jioni chukua sentensi tano ulizosema kweli siku hiyo kwa kiswahili, za kwako sio za kitabu, zigeuze. Kabla ya kuandika jiulize nini kimebadilika, ni kitu nimepata, ni hali, ni mahali, ni jambo limenitokea, au ni kazi nimefanyiwa? Halafu ziseme kwa sauti. Anza na hizi, funika majibu yaliyo chini:

Nimelowa. Nimesuka leo. Tulifika Nansio saa nne asubuhi. Samaki wameoza. Niliibiwa pochi kwenye daladala. Nataka kuwa nahodha. Nimembembeleza fundi akubali kuja kesho. Shukia Mabatini. Alipata ajali ya pikipiki.

Majibu: "I got wet." "I got my hair braided today." "We got to Nansio at ten in the morning." "The fish went bad." "My wallet got stolen on the daladala." "I want to become a captain." "I got the mechanic to agree to come tomorrow." "Get off at Mabatini." "He had a motorcycle accident."

Kama ulikosea ile ya samaki, ya nahodha au ya ajali, rudi kwenye zile sehemu tatu ambapo get inakataa usome tena kabla hujaendelea na sentensi zako mwenyewe.